Nyumbani, jua kali au gereji ya wataalamu: nani afunge vifaa vya gari lako la porini?

Mtu akishanunua Prado, Jimny au Land Cruiser hapa Nairobi, haupiti muda kabla hajaanza kuhesabu vya kuongeza: bulbaa (chuma kinene cha kulinda pua ya gari), winchi (ngoma ya kamba ya kujivutia kutoka topeni), snokeli (bomba la kuipa injini hewa kutoka juu), springi ndefu, taa za ziada, keria ya juu. Swali la nani avifunge huja baadaye, ilhali ndilo lenye uzito zaidi. Milango ni mitatu. Unaweza kufunga mwenyewe nyumbani, unaweza kuteremka Grogan au kwenda Kariobangi kwa fundi wa jua kali, au unaweza kupeleka gari kwenye gereji ya wataalamu wa magari haya huko Industrial Area au Karen. Wengi huchagua mlango mmoja na kupitisha kila kazi humo humo. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa hupotea, maana kazi zenyewe hazifanani.

Kipimo ninachokitumia ni kimoja. Kifaa hiki kikiharibika mahali pasipo na fundi, tuseme kati ya North Horr na Loiyangalani, au kwenye udongo mweusi wa Mara mvua ikinyesha, itakuwaje? Kama ni kitu ambacho utalazimika kukirekebisha wewe mwenyewe papo hapo, kifunge wewe, au angalau simama kando kikifungwa. Kama ni kitu ambacho kikishindwa kinaweza kuua mtu na hakirekebishiki porini, mlipe mwenye vyombo vya kupimia. Vilivyobaki, yaani karibu kila chuma cha kukata na kuchomelea, mpelekee fundi wa jua kali, na katika hivyo hakuna wa kumshinda.

Milango yenyewe

Kufunga nyumbani kunataka nafasi kabla ya ujuzi. Anayeishi kwenye ghorofa South B au Roysambu anajua kwamba mlinzi hatapenda kuona oili sakafuni, na gari la jirani limeegeshwa karibu mno hata mlango haufunguki vizuri. Mwenye ua wake ana bahati. Vifaa vya kuanzia si vingi: kwa Toyota, spana na soketi za 10, 12, 14, 17 na 19 hufungua sehemu kubwa ya gari. Ongeza toki renchi (spana inayokaza kwa kipimo), tesita ya umeme, na stendi mbili za chuma za kushikilia gari juu. Stendi hizo si za hiari. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia wakati mtu amelala chini yake.

Jua kali ni mlango ambao wengi huupita kwa dharau, nami siukubali mtazamo huo. Pale Grogan, yaani Kirinyaga Road na vichochoro vyake, kuna watu wanaoijua injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile dizeli ya lita 4.2, kama wanavyoijua njia ya nyumbani. Watakutafutia spea iliyotumika ambayo duka halina, watakuchongea bushi, watanyoosha kilichopinda. Udhaifu wao haupo kichwani, upo kwenye vifaa na haraka. Wengi hukaza nati kwa kuhisi mkono, na wateja watatu wakisubiri, kazi ya mwisho hupunguziwa muda. Tena kuna mabroka: anayekupokea barabarani mara nyingi siye atakayeshika spana. Mwombe akupeleke kwa fundi mwenyewe, mkubaliane bei ya kazi kabla boneti haijafunguliwa, na spea ununue mwenyewe.

Gereji ya wataalamu hutoza mara kadhaa zaidi, na mara nyingi kuna foleni. Unacholipia ni vifaa vya kupimia, bulbaa na springi zinazokuja na bolti zake halisi, na waranti ya maandishi. Ila gari huachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, kwa hivyo hujui kilichofanyika zaidi ya kilichoandikwa kwenye risiti. Waombe waziwazi uone kazi ikiendelea. Gereji nzuri haitakataa.

Umeme

Kazi ya umeme ndiyo ninayomsihi kila mwenye gari ajifunze. Si kwamba ni rahisi kuliko nyingine, bali ndiyo inayoharibika zaidi ukiwa mbali. Waya husuguana na chuma kwenye barabara ya mawe, kiungo cha bodi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma cha gari) hushika kutu, vumbi huingia kwenye soketi. Aliyepitisha waya mwenyewe anajua ulipo, na akiwa na tesita mkononi hatahangaika usiku kucha.

Hesabu yake si ngumu. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni wati 110, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya ampea 15 na waya wa milimita 2.5 za mraba vinatosha. Mkondo huo usipite kwenye swichi ya dashibodi, ndiyo maana kuna rilei, swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Mguu wa 30 hupokea kutoka betri kupitia fyuzi, mguu wa 87 hupeleka kwenye taa, na 85 na 86 ni za koili: mmoja huenda kwenye swichi, mwingine kwenye bodi. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa sababu inalinda waya, sio taa. Waya unaotoka betri hadi mbele bila fyuzi ukichubuka na kugusa chuma, unaweza kuwasha moto chini ya boneti.

Fundi wa umeme wa Grogan anaweza kuifanya kazi hii kwa muda mfupi kuliko wewe. Tatizo huwa ni njia ya mkato: kuchuna waya wa taa ya gari, kuuzungushia waya mpya, kisha tepu nyeusi. Itawaka siku hiyo. Baadaye joto la injini hulainisha gundi ya tepu, kiungo kinabaki wazi. Na kwa magari ya karibuni, kama Jimny ya muundo uliotoka 2018, kompyuta hufuatilia baadhi ya saketi za taa, hivyo waya ukiguswa vibaya taa ya onyo hujitokeza kwenye dashibodi. Ukimpa kazi, fika na rilei, fyuzi, soketi na mrija wa plastiki wa kufunikia waya, halafu mwambie mapema: “Fundi, sitaki waya wa gari ukatwe. Kila kitu kianzie kwenye betri, na niachie mchoro.” Hatachukia. Fundi mzuri hufurahi kumpata mteja anayejua anachotaka.

Kwa mtaalamu, peleka betri ya pili na chaja yake ikiwa gari ni jipya na altaneta yake, ile inayochaji betri, inaongozwa na kompyuta. Kwa Land Cruiser ya zamani, hata hiyo utaiweza nyumbani, mradi waya mnene uwe na fyuzi kila upande unaogusa betri.

Bulbaa na winchi

Hapa uamuzi unategemea gari kuliko mfuko. Gari lenye mifuko ya hewa ya usalama hutegemea jinsi chuma cha mbele kinavyokunjika likigonga kitu. Ukiweka chuma kigumu ambacho hakikutengenezwa kwa gari hilo, huwezi kujua tena kama mifuko itafunguka kwa wakati wake. Kampuni kama ARB ya Australia huuza bulbaa zilizoundwa kwa kila aina ya gari na kuzingatia mifuko hiyo. Kwa Prado 150 au Hilux ya karibuni, nunua hiyo na ifungwe na wataalamu, au uifunge wewe na marafiki wawili kwa kufuata maelekezo, kwani haihitaji kuchomelewa. Fundi wa Kariobangi anaweza kuchonga inayofanana nayo kabisa kwa macho, tena kwa bei ya chini sana, lakini hana njia ya kuipima. Kwa gari la familia, mimi singefanya hivyo.

Kwa Land Cruiser 70 ya zamani au Defender isiyo na mifuko ya hewa, mambo hubadilika. Hapo Kariobangi inashinda. Chuma ni kile kile, ufundi wa kuchomelea ni wa hali ya juu, na unaweza kuomba mahali pa jeki ndefu, pa taa, pa antena. Angalia jambo moja kwa makini: bulbaa ifungwe kwenye chesisi kwa sahani nene za chuma na bolti zenye alama ya 8.8 kichwani au zaidi, si kwenye mabano membamba ya bampa. Na kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea karibu na gari, betri iondolewe waya zote mbili na plagi ya altaneta ichomolewe. Waya wa bodi wa mashine ubanwe karibu na pale panapochomelewa, umeme usipitie kwenye bearingi. Ukiona fundi anakwepa hilo, ondoa gari.

Winchi huja na hesabu yake. Kanuni ya kawaida ni uzito wa gari likiwa limepakia, mara moja na nusu. Prado iliyobeba watu na mizigo ikafika kilo 2,900 inataka winchi ya kilo 4,350 hivi. Winchi huuzwa kwa ratili: ya 9,500 ni kilo 4,300, ya 12,000 ni kilo 5,400. Chukua ya pili, kwa sababu nguvu iliyoandikwa ni ya mzunguko wa kwanza wa kamba kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka hupunguza nguvu hiyo, na pia gari lililozama kwenye tope hushikwa na udongo wenyewe. Jimny ni habari nyingine: uzito wake wa juu kabisa ni kilo 1,435, kwa hivyo winchi ndogo inatosha, na winchi kubwa ingeelemea tu pua yake.

Winchi ikivuta kwa nguvu zote hula zaidi ya ampea 400, mkondo ambao altaneta peke yake haiwezi kuufikia. Injini iwe inanguruma, uvute kidogo kidogo, na nyaya zake ziwe zile nene zilizokuja nayo. Kati ya kamba ya chuma na ya nyuzi, mimi huchagua ya nyuzi. Ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa nguvu ya kutisha kama ya chuma. Ubaya wake ni jua na mawe makali: ifunike, ioshe ikijaa mchanga, na usiipitishe kwenye rola za zamani zilizokwaruzwa na kamba ya chuma.

Nani afunge winchi? Sahani yake na bolti zake, mtaalamu. Uvutaji tani nne hauvumilii kubahatisha. Waya zake unaweza kufunga mwenyewe. Na mahali pa kuvutia gari mbele na nyuma pasitengenezwe kwa kuchomelea pete popote panapoonekana pazuri. Kile kichwa cha chuma cha mviringo cha kuvutia trela pia si mahali pa kufunga kamba ya kujinasua. Katika nchi mbalimbali watu wamekufa kikikatika na kuruka kama risasi. Tumia pingu za chuma za kuungia kamba na gari, zilizopigwa mhuri wa uzito. Ile ya milimita 19 kwa kawaida huandikwa tani 4.75.

Bulbaa ya chuma huweza kufika kilo 50 au kuzidi, na winchi huongeza makumi ya kilo nyingine juu yake. Ndiyo maana anayefunga vyote viwili bila kugusa springi za mbele hushangaa gari likiinamisha pua kila anapofunga breki.

Springi na shokabsoba

Kazi hii nenda kwa mtaalamu, hasa kama gari lina springi iliyozungushiwa shokabsoba, kama Prado au Hilux mbele. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja mkono au fuvu, na vibano vya bei rahisi vya kuibania haviaminiki. Kuinua gari kwa inchi 2 kunaleta tofauti kubwa kwenye mawe ya Suswa. Kupita hapo, sivi jointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) hufanya kazi kwa pembe kali na huchakaa mapema. Sioni faida yake kwa mtu anayeendesha Thika Road siku tano za wiki.

Kuna kosa moja ambalo hata gereji ghali hulifanya: kukaza bolti za bushi za mpira gari likiwa bado juu, magurudumu yananing’inia. Mpira hujipinda gari likishushwa, na bushi hupasuka baada ya muda mfupi. Zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Uliza hilo kabla ya kulipa. Uliza pia kama alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, imo kwenye bei. Kwa Jimny, uliza watafanyaje na ile fimbo inayoshika ekseli ya mbele kwa upande, maana gari likiinuka ekseli husogea kando kidogo, na usukani unaweza kupoteza utulivu barabarani.

Land Cruiser yenye springi za majani nyuma ni tofauti. Fundi wa jua kali anayefanya magari ya watalii huzipanga upya kila mwezi, na ataongeza jani moja kwa ustadi. Usiende Karen kwa kazi hiyo.

Snokeli

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwafanya watu wengi Nairobi waulize bei ya snokeli. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda injini ikizunguka, fimbo ya pistoni hupinda, na hapo unazungumzia injini nyingine. Lakini snokeli haina maana kama sanduku la filta ya hewa linavuja, au kama vipumulio vya difu na giaboksi viko chini vinavuta maji difu yenye joto inapopoa ghafla mtoni. Faida yake ya kila siku, kwa barabara zetu, ni hewa yenye vumbi kidogo unapofuata gari jingine.

Kazi hii mtu mtulivu anaweza kuifanya nyumbani wikendi moja. Ugumu upo kwenye kutoboa tundu kubwa kwenye fenda, kwa kuwa chuma kikishakatwa hakirudi. Tumia karatasi ya kipimo iliyokuja na snokeli, anza na tundu dogo, paka rangi kwenye ukingo uliokatwa kabla ya kutu kuanza, na ziba kila kiungo kwa silikoni. Ukimpa fundi wa jua kali, mkono wake hautatetemeka, lakini silikoni ataibania. Simama hapo. Kisha, injini ikiwa inanguruma, ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja: injini ya kawaida ikitaka kuzima, imezibwa sawa. Ikiendelea bila kujali, kuna mahali inavuta hewa.

Keria, masanduku na vibebeo vya mafuta

Jua kali, bila mjadala. Kariobangi kwa keria, Kamukunji kwa sanduku la vifaa. Peleka vipimo, na uangalie kwenye kitabu cha gari uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba, pamoja na keria yenyewe. Keria nzito ya mabomba huweza kumaliza nusu ya uzito huo kabla hujaweka hema.

Matengenezo madogo

Breki padi, filta, fenibelti, hosi ya rejeta, kuziba pancha: vyote vya nyumbani. Usijifunze kuziba tairi kwa mara ya kwanza ukiwa jangwa la Chalbi, ukishalipunguza upepo hadi psi 18 na kompresa yako haijawahi kutolewa kwenye boksi. Jaribu kwanza uani kwako.

Bushi kuukuu zinahitaji presi, nazo ni za Grogan kwa bei nafuu. Bearingi za magurudumu ya mbele ya Land Cruiser zipeleke kwa yeyote, ila umwulize kwanza kama ana soketi ya milimita 54. Nati yake ni pana na nyembamba, na asiye na soketi huizungusha kwa patasi na nyundo. Bearingi hukazwa kwa kipimo. Ikibana mno huungua, ikilegea gurudumu hucheza.

Kwa hivyo, wewe ni nani?

Mwenye Jimny anayekwenda Ngong Hills na Suswa mara moja moja: fanya karibu yote nyumbani, lipa mtaalamu kwa springi peke yake. Mwenye Land Cruiser ya kupeleka wageni Mara: tafuta fundi mmoja wa jua kali, umshike, akujue na gari lako, na tumia gereji kubwa kwa winchi tu. Mwenye Prado inayobeba watoto kwenda Marsabit, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa: bulbaa na springi kwa wataalamu, umeme ujifunze mwenyewe, na kabla ya safari mwombe fundi wako akufundishe kubadilisha fenibelti mkiwa wawili.

Vyovyote utakavyochagua, ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi ulichoongeza. Bima hutegemea ukweli uliotoa, na gari lililobadilishwa bila taarifa huwapa sababu ya kukataa kulipa. Hifadhi risiti.

Halafu chukua rangi nyeupe uchore mstari unaovuka kila nati mpya na chuma kilicho kando yake. Endesha kuteremka Magadi kupitia Kiserian na Kona Baridi, barabara yenye mashimo ya kutosha kujaribu kazi ya mtu yeyote. Ukirudi, lala chini uangalie kwa tochi: mstari uliovunjika ni nati iliyosogea. Ikaze kwa toki renchi, na kama aliyeifunga ni fundi, mpelekee gari akaione mwenyewe.